Juisi ya wageni ina kasoro? Tafuta chanzo kabla ya kuongeza sukari

Juisi ikionjwa ikaonekana haikukaa sawa, mkono wa kwanza hukimbilia kopo la sukari. Kwa bahati mbaya sukari hutibu kitu kimoja tu, nacho ni ugwadu wa tunda. Haiondoi uchungu, haiondoi ukakasi, haiiunganishi juisi iliyojitenga wala hairudishi iliyochacha. Kinachotokea ni kwamba kilo nzima inaingia kwenye ndoo, kasoro inabaki palepale, na mgeni anapewa shira yenye harufu ya tunda.

Kwa hiyo onja kwanza, tena onja ikiwa baridi, kwa sababu juisi ya vuguvugu huonekana tamu kuliko ilivyo. Chukua kijiko kimoja, ishikilie mdomoni, kisha meza. Ikikutoa mate na kukukunjisha uso, huo ni ugwadu. Ikiwa ladha mbaya inakuja baada ya kumeza na kung'ang'ania nyuma ya ulimi, huo ni uchungu. Na mdomo ukikauka, ulimi ukawa mzito na meno kama yanakwaruzana, huo ni ukakasi, na mara nyingi maana yake ni tunda bichi. Kila kimoja kina chanzo chake na dawa yake.

Vipimo vya kuanzia

Gilasi ya kawaida inabeba mililita 250. Kwa wageni 20 wa sikukuu mosi (siku ya kwanza ya Idi), hesabu gilasi moja na nusu kila mmoja: lita 7 na nusu. Tengeneza 8. Ni bora lita 4 za juisi kali (ukwaju, bungo au pasheni) na lita 4 za juisi nzito (embe au parachichi) kuliko lita 8 za aina moja. Mwenye kiungulia atakimbilia nzito, na aliyekwishakula biriani nyumba tatu atataka kali.

Maji yachemshwe usiku wa kuamkia siku hiyo: yatokote kabisa, yafunikwe, yapoe. Sukari usiitie kavu kwenye juisi baridi, huzama chini na kufanya gilasi za mwanzo ziwe kali na za mwisho ziwe tamu kupita kiasi. Fanya shira: sukari kilo 1, maji nusu lita, moto wa wastani mpaka sukari yote iyeyuke, iachie ichemke dakika 2, zima. Utapata zaidi kidogo ya lita 1, na kila mililita 100 za shira hiyo ni sawa na gramu 90 hivi za sukari. Juisi ya embe bivu inatosheka na mililita 60 hadi 80 kwa lita. Bungo na pasheni 120 hivi. Ukwaju unaweza kufika 150. Anza na theluthi mbili ya kipimo, onja, ndipo umalizie.

Juisi ya bungo imekuwa chungu na rangi imefifia

Hili ndilo lalamiko kubwa zaidi, na asilimia kubwa ya lawama ni ya blenda. Ndani ya bungo mna kokwa nyingi zilizovikwa nyama ya rangi ya machungwa yenye nyuzinyuzi. Ladha yote iko kwenye ile nyama. Kokwa zenyewe zikipasuka hutoa unga mchungu, na juisi badala ya kuwa na rangi iliyokoza inageuka kama maji ya matope mepesi. Blenda ikiachiwa nusu dakika tu, kazi imekwisha.

Njia salama ni ya mikono. Chukua mabungo makubwa 4 kwa lita 2 za maji. Pasua kaka (ganda la nje) kwa mgongo wa kisu, mimina kokwa kwenye beseni, tia lita moja na nusu ya maji vuguvugu, acha dakika 30 hadi 40. Kisha fikicha kwa mkono au vuruga kwa mwiko mpaka uone kokwa zinaanza kuonekana weupe wake na maji yamekuwa mazito. Chuja kwa chujio la matundu makubwa. Kokwa zirudishe kwenye beseni na nusu lita iliyobaki, fikicha mara ya pili, changanya, kisha pitisha yote kwenye kitambaa cha melimeli. Ule mkamuo wa pili watu wengi huutupa, na ndani yake mna ladha nyingi bado.

Ukilazimika kutumia blenda, tia maji ya kutosha kokwa ziogelee, na uibonyeze na kuiachia mara 3 au 4 tu, sekunde moja kila mara. Unataka kisu kizigonge kokwa, si kuzikata.

Ikiwa umeshaharibu: chuja papo hapo kwa melimeli, maana vipande vya kokwa vikibaki ndani vinaendelea kutoa uchungu kila saa. Tia robo kijiko cha chai cha chumvi kwa lita 2. Chumvi hupunguza makali ya uchungu ulimini kwa namna ambayo sukari haiwezi. Ukiwa bado unausikia, changanya nusu kwa nusu na juisi ya embe au nanasi. Haitakuwa tena juisi ya bungo, lakini itanyweka.

Ukiwa na ukakasi na si uchungu, tazama makaka uliyoyatupa. Bungo bivu kaka lake limegeuka rangi lote. Lenye mabaka ya kijani bado lina utomvu mweupe unaonata, na ukidondoka kwenye beseni hakuna kitambaa kitakachoutoa. Mabichi yaache nje siku kadhaa. Utomvu ulionata mikononi hautoki kwa sabuni peke yake. Paka mafuta ya kupikia, sugua, ndipo uoshe.

Ukwaju: umejitenga, una ladha ya chuma, au mkali usiovumilika

Kujitenga kwa ukwaju si ugonjwa. Nyama yake ni nzito kuliko maji, lazima itazama. Kasoro ni pale inapozama ndani ya dakika 5 na kuacha maji meupe juu. Hapo umechuja kwa chujio pana, au umeloweka kwa haraka. Robo kilo ya ukwaju wenye kokwa huzaa lita 2. Uloweke kwenye nusu lita ya maji ya moto kwa nusu saa, ufikiche mpaka kokwa zitoke safi, chuja, kisha chemsha huo uji mzito dakika 10 huku ukivuruga. Ukipoa ndipo uongeze maji baridi na shira. Uliochemshwa hivyo hukaa pamoja muda mrefu zaidi, na pia hudumu zaidi kwenye friji. Hata hivyo jagi livurugwe kabla ya kila mzunguko. Mwenye kumimina akisahau, mgeni wa mwisho atapewa mashapo.

Ladha ya chuma hutokana na chombo. Ukwaju ukilazwa kwenye sufuria ya alumini, asidi yake inakula chuma, juisi inafanya weusi na kuacha ladha kama umelamba kijiko cha zamani. Kuuchemsha dakika 10 kwenye chombo cha chuma kisichoshika kutu ni sawa. Kuulaza, ulaze kwenye plastiki ya chakula au chupa. Mambo ni hayohayo kwa pasheni, ndimu na bungo. Ladha hiyo ikishaingia haitoki, na hapa hatuna dawa ya kukupa zaidi ya kuanza upya.

Ukali uliozidi ndio mahali pekee sukari inapofaa, lakini ikiwa umefika mililita 180 za shira kwa lita na bado unakunja uso, ukwaju wako ni mwingi. Ongeza maji.

Juisi ya machungwa ilikuwa tamu asubuhi, jioni ni chungu

Watu husingizia friji. Ukweli ni kwamba uchungu huu hujitengeneza wenyewe. Weupe wa ndani ya ganda na kokwa za chungwa vina kitu ambacho mwanzoni hakina ladha. Kikishakutana na asidi ya juisi, taratibu hugeuka kuwa kichungu. Blenda inayosaga chungwa zima lililomenywa huingiza vyote viwili. Baada ya saa chache matokeo yake yanasikika.

Kata chungwa kati, kamua kwa mkono au kikamulio, usikaze mpaka ganda linapinduka, chuja mara moja uondoe kokwa. Na ikiwezekana kamua ndani ya saa moja kabla wageni hawajaingia. Ikishakuwa chungu ni ile ile robo kijiko ya chumvi, na mchanganyiko na embe. Kwa balungi, uchungu mkubwa uko kwenye ngozi nyembamba zinazotenga vipande. Zimenye, tumia nyama tu.

Pasheni iliyojaa vidoti vyeusi imesagwa kokwa. Tumia kijiko kuisugua juu ya chujio, au blenda kwa kubonyeza na kuachia kama ilivyoelezwa kwenye bungo.

Chembe nyeupe zinaelea, au zimezama chini

Hapa usihukumu kwa macho. Chembe hizo zina vyanzo vitatu na mtu akikosea chanzo atamwaga juisi nzima bila sababu. Chukua chembe kidogo uisugue kati ya dole gumba na kidole cha shahada.

Ikiyeyuka na kuacha mafuta kidoleni, hayo ni mafuta ya tui. Tui la nazi likitiwa kwenye nanasi au embe kisha likalala kwenye friji, mafuta yake huganda, kwa kuwa mafuta ya nazi huanza kuganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Hakuna kilichoharibika. Iache jagi nje dakika 15, vuruga kwa nguvu au irudishe kwenye blenda kwa sekunde 5. Mara nyingine tumia tui la pili, au tia tui zito pale pale wakati wa kumimina.

Ikimomonyoka kama jibini laini bila mafuta, maziwa yamekatika. Sababu ya kwanza ni asidi: pasheni, ndimu au embe yenye ugwadu iliyokutana na maziwa mengi. Ya pili ni hila zaidi. Nanasi bichi, yaani lisilopikwa, lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini ya maziwa. Papai nalo lina chake, na tangawizi mbichi pia. Ndiyo maana juisi ya nanasi na maziwa inaweza kuwa nzuri kabisa ikitoka kwenye blenda, na baada ya nusu saa kwenye friji ikawa imekatika na imekuwa chungu. Huo uchungu ni wa protini iliyovunjika, hauna dawa. Usiitibu, usiichuje ukampa mtu.

Kinga yake ni kuichemsha juisi ya nanasi peke yake dakika 5, ipoe kabisa, ndipo itiwe maziwa baridi kidogo kidogo. Lakini kusema kweli nanasi lililochemshwa hupoteza ile harufu yake nzuri. Kwa nyumba za kwetu ambako nazi haikosekani, tui ni jibu bora: protini yake ni chache na halikatiki hovyo. Kipimo ni kikombe kimoja cha tui kwa lita moja ya juisi ya nanasi. Tui huharibika upesi, kwa hiyo juisi hiyo inywewe siku hiyohiyo.

Na ikiwa chembe zimezama chini, laini mfano wa unga wa mhogo uliotuama, hiyo ni wanga ya tangawizi. Haina madhara ila huifanya gilasi ya mwisho ionekane chafu. Kwaruza tangawizi, ikamue kwenye kitambaa, acha maji yake yatulie kwenye kikombe dakika 20. Utaona tabaka jeupe limekaa chini. Mimina maji ya juu taratibu, lile jeupe lisiyafuate. Vijiko 2 vya mezani vya maji hayo vinatosha lita 4 za nanasi. Ukitaka ya kuwasha koo, 3.

Juisi ya parachichi imegeuka kahawia au imeganda kama uji

Parachichi likikatwa hewa huanza kuligeuza rangi, na blenda inayoingiza hewa nyingi huharakisha. Parachichi moja kubwa, maziwa baridi mililita 750, shira mililita 80 hadi 100: hizo ni gilasi 4 zilizoshiba. Kabla ya maziwa, tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu juu ya nyama ya tunda na uichanganye. Kiasi hicho kinazuia weusi na hakitoshi kukata maziwa yaliyo baridi. Saga sekunde 20, basi. Ikikaa, funika kwa plastiki inayogusa uso wa juisi yenyewe, si mdomo wa jagi, maana hewa iliyo kati ndiyo adui. Tabaka la juu likiwa kahawia lichote kwa kijiko. Chini yake kutakuwa kijani.

Kuganda ni kawaida yake ikikaa, ongeza maziwa baridi wakati wa kumimina. Uchungu kwenye parachichi ni wa tunda lisiloiva au kijipande cha kokwa na ganda kilichoponyoka. Wanaopenda kumimina pasheni juu, wafanye hivyo gilasi ikiwa mkononi mwa mgeni, si kwenye jagi.

Povu nusu ya jagi

Nanasi na pasheni ndio mabingwa wa povu. Saga kwa maji machache na kasi ndogo, chuja, acha itulie nusu saa kwenye friji ndani ya chombo kirefu, kisha chota povu kwa upawa. Usitie shira kabla, juisi ikishakuwa nzito povu hukawia kushuka. Juisi ikitoa povu bila kuguswa, ruka uende sehemu ya kuchacha.

Imekuwa maji maji

Barafu kilo 1 ni maji lita 1. Ukiitia kwenye jagi la lita 4, ikishayeyuka umeipunguza nguvu juisi kwa sehemu moja katika tano. Kuna njia mbili. Moja, punguza lita moja ya maji tangu mwanzo na uiachie barafu ikamilishe. Nyingine, ambayo ndiyo tunayoipenda, ni kugandisha juisi yenyewe kwenye vitrei siku moja kabla na kuitumia kama barafu.

Barafu za kununua, hasa zile za magogo zinazopelekwa kwenye samaki, ziwe nje ya jagi. Zijaze kwenye beseni na jagi likae katikati. Umechemsha maji usiku mzima kwa sababu ya usalama, kisha unatia ndani barafu usiyojua maji yake: umefanya kazi bure.

Na kama barafu haihusiki na ladha bado imepooza, jaribu tone la ndimu kabla ya sukari. Embe boribo iliyoiva sana inakuwa tamu lakini butu, na maji ya ndimu moja kwa lita 2 huiamsha.

Imeanza kuchacha

Dalili hazijifichi: vipovu vidogo vinapanda pembeni mwa chupa, kifuniko kinatoa pumzi kikifunguliwa, harufu inaelekea kwenye tembo (pombe ya mnazi). Juisi hiyo imwagwe. Kuchacha ni sukari kugeuka ulevi, na kwa nyumba nyingi za Unguja na Pemba hilo peke yake limemaliza mjadala. Kuichemsha upya na kuongeza sukari si ufumbuzi.

Chanzo mara nyingi ni ndoo. Lita 8 za juisi ya vuguvugu kwenye ndoo moja zikitiwa kwenye friji, katikati yake hukaa na joto kwa saa nyingi. Igawe kwenye chupa za lita moja na nusu, acha nafasi ya vidole viwili juu, zizamishe kwenye beseni la maji ya barafu kwanza, ndipo zilale. Chanzo cha pili ni mpira wa chini ya kisu cha blenda. Ufungue, unuse. Blenda inaweza kung'aa nje na mle ndani mna mabaki ya wiki iliyopita. Cha tatu ni kumimina juisi mpya juu ya baki la jana.

Mezani juisi isipite saa 2 bila barafu pembeni, na mchana wa joto la kupita nyuzi 32, saa 1. Kwenye friji, ya parachichi na yoyote yenye maziwa au tui inywewe siku ileile, ya bungo na pasheni siku 2, ukwaju uliochemshwa siku 3 hadi 4. Umeme ukikatika usiwe kila dakika unafungua mlango: friji iliyofungwa hushika baridi kwa muda wa saa 4 hivi. Anayetaka kujipunguzia kazi ya sikukuu agandishe uji mzito wa ukwaju au wa bungo, bila maji ya ziada wala shira, wiki moja kabla. Siku yenyewe anautoa, unayeyuka kwenye friji usiku, asubuhi anaongeza maji.

Inanukia sabuni

Arki (kiini cha kunukizia chakula) imezidi. Matone 3 ya arki ya vanila yanatosha lita 2, na maji ya waridi kijiko kimoja cha mezani. Yote mawili yatiwe juisi ikiwa imeshapoa, joto huyafukuza na mtu akadhani hayakutosha akaongeza. Iliki, kinyume chake, hutaka moto: ponda punje 5, zichemke ndani ya shira, kisha zichujwe. Unga wa iliki uliotiwa mbichi huelea juu na kuganda kwenye meno. Ikishanukia sabuni, ongeza juisi isiyotiwa kitu mpaka harufu ishuke. Kwa hiyo kabla ya kutia arki, tenga pembeni lita moja.